Tabibu, Tarakilishi na Dhamana: Lugha ya Zana za Kusaidia Uamuzi wa Kitabibu kwa Kurejelea Kisiwa cha Rusinga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi zana za tarakilishi zinazomsaidia tabibu kufikia uamuzi zinavyoweza kubuniwa bila kumnyang'anya ujuzi wake wala kumwachia dhamana asiyokuwa na uwezo wa kuitekeleza. Mazingira yanayorejelewa ni kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya, pamoja na majaribio yaliyofanyika Eldoret, Siaya, Nairobi na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ni ya lugha. Sentensi inayotokea kwenye kioo cha tarakilishi hugawa mamlaka na lawama hata kabla tabibu hajaamua lolote. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Kiswahili wana nafasi katika uwanja huu ambayo haijajazwa.

1. Utangulizi

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii inaeleweka upesi na wakazi wa Ziwa Viktoria, ambako mtumbwi mmoja hauna nafasi ya watu wawili kushika usukani. Hata hivyo, wahenga hao hao walisema penye wengi hapaharibiki neno. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inahusu kushika usukani, na ya pili inahusu kutoa shauri. Swali linalojadiliwa hapa linakaa baina yake: zana ya tarakilishi iliyoletwa katika chumba cha matibabu ni mshauri au ni nahodha wa pili?

Swali hili si la nadharia tupu. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki anayemtibu mgonjwa si daktari bingwa. Ni afisa wa kliniki aliyesomea stashahada kwa miaka mitatu na kufuatiliza mafunzo ya kazini, au ni muuguzi. Katika makala haya neno tabibu linatumika kwa maana pana inayowajumuisha wote hao. Tabibu huyo huona wagonjwa wengi kwa siku, mara nyingi bila mwenzake wa kumuuliza. Zana inayomkumbusha jambo alilolisahau inaweza kuokoa maisha. Zana inayomwamuru jambo lisilomfaa mgonjwa aliye mbele yake inaweza kuyapoteza, na siku ya kuulizwa, atakayeulizwa ni tabibu.

2. Zana za Kusaidia Uamuzi ni Zipi?

Zana ya kusaidia uamuzi ni chombo chochote kinachochukua habari za mgonjwa, kikazilinganisha na maarifa yaliyokusanywa, kisha kikatoa ukumbusho, tahadhari au pendekezo. Chombo hicho si lazima kiwe tarakilishi. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mwongozo wa kuwatibu watoto walio chini ya miaka mitano kwa kuangalia dalili zote kwa pamoja badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Mwongozo huo ulichapishwa katika vijitabu vyenye rangi: waridi kwa mtoto anayehitaji rufaa ya haraka, njano kwa anayehitaji dawa mahususi, na kijani kwa anayeweza kuangaliwa nyumbani. Wauguzi wengi wa Kenya na Tanzania wanavifahamu vijitabu hivyo. Hiyo ni zana ya kusaidia uamuzi, ila imeandikwa kwa wino.

Zana za tarakilishi nazo zina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1972, mjini Leeds nchini Uingereza, F. T. de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya programu iliyokadiria chanzo cha maumivu makali ya tumbo. Kati ya wagonjwa 304, programu ilipata jibu sahihi kwa asilimia 91.8, ilhali tabibu mwandamizi zaidi alipata asilimia 79.6. Katika muongo huo huo, Edward Shortliffe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alibuni programu iliyoitwa MYCIN, iliyoshauri kuhusu dawa za maambukizi ya bakteria. Ilipopimwa na wataalamu, ushauri wake ulikuwa sawa na wa mabingwa au bora zaidi. Pamoja na sifa hiyo, MYCIN haikuwahi kutumika katika matibabu ya kila siku.

Sababu ni kadhaa. Tarakilishi za wakati huo zilikuwa nzito, na kuingiza habari za mgonjwa mmoja kulichukua muda mwingi. Lakini palikuwepo pia swali la dhamana ambalo usahihi pekee haukulijibu: programu ikikosea, nani atawajibika? Kwa hiyo, fundisho la miaka ya 1970 ni kwamba zana kuwa sahihi ni sharti la lazima, lakini si sharti la kutosha. MYCIN iliacha urithi mmoja wenye thamani. Mtumiaji aliweza kuiuliza kwa nini imesema ilivyosema, nayo ikamwonyesha kanuni iliyoifuata. Urithi huu utarejelewa baadaye.

3. Rusinga na Maarifa Yasiyoingia Katika Programu

Rusinga ni kisiwa kilichounganishwa na mji wa Mbita kwa njia fupi inayokatiza maji. Wasomi wengi wanakijua kwa mambo mawili: ndiko nyumbani kwa Tom Mboya, na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa mwaka 1969, na ndiko Mary Leakey alikogundua fuvu la Proconsul mwaka 1948. Kwa mada hii, kisiwa hiki kina umuhimu mwingine. Hali yake inaonyesha waziwazi kwa nini zana iliyotungwa mbali inamhitaji tabibu wa mahali.

3.1 Homa inapobadilika maana

Kati ya mwaka 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Mbita, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kiliendesha mradi wa SolarMal kisiwani Rusinga, ambako waliishi watu wapatao 25,000. Nyumba ziliwekewa mitego ya mbu yenye harufu inayofanana na ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba katika maeneo yaliyowekewa mitego, kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 kuliko katika maeneo ambayo hayakuwa yamewekewa bado. Mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa asilimia 69.2.

Habari hii njema inazaa swali kwa mbunifu wa zana. Maana ya kipimo cha maabara hutegemea wingi wa ugonjwa mahali kinapotumika. Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, kipimo kinachotambua wagonjwa 95 kati ya kila 100 walio na malaria, na kuwaondolea shaka 95 kati ya kila 100 wasio nayo. Ikiwa watu 30 kati ya 100 wanaopimwa wana malaria, basi jibu la "ana malaria" litakuwa kweli kwa takribani asilimia 89. Ikiwa wenye malaria ni 10 kati ya 100, jibu lile lile la kipimo kile kile litakuwa kweli kwa takribani asilimia 68 tu. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni kisiwa. Programu iliyofunzwa kwa takwimu za mahali pengine, au za miaka kumi iliyopita, itaendelea kuzungumza kwa uhakika ambao haina tena haki nao. Tabibu anayekaa pale ndiye wa kwanza kugundua kwamba watoto wenye joto wanaopona bila dawa ya malaria wameongezeka.

Neno homa lenyewe lina mtego wake. Katika matumizi ya Wakenya wengi, mtu akisema ana homa huenda anamaanisha mafua. Kwa Watanzania wengi, homa ni joto la mwili kupanda, na mara nyingi wasikilizaji hufikiria malaria. Mama wa Rusinga naye atasema kwa Kijaluo kwamba mtoto ana "del maliet", yaani mwili wenye joto. Zana yenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "Homa: ndiyo/hapana" itapokea majibu matatu tofauti kana kwamba ni jibu moja. Kosa hilo halitaonekana katika takwimu. Litaonekana kwa mgonjwa.

3.2 Ziwa, mwezi na miadi

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hiyo waliishi na virusi hivyo, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 4.9. Matibabu yake ni ya maisha yote na yanategemea miadi. Ndiyo maana zana nyingi katika eneo hili hufuatilia tarehe: nani amekuja, nani amekosa, nani hajapimwa.

Lakini wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi mavuno hushuka. Kalenda yao hufuata mwezi unaoandama na kupevuka kwa siku 29 na nusu, wala haifuati miadi ya kila siku 28. Aidha, wavuvi huhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine wakifuata samaki. Zana ikiandika "mgonjwa ameacha dawa", tabibu aliyezaliwa ufuoni anaweza kusoma jambo tofauti: mgonjwa yuko Mfangano au Migori, na pengine amechukua dawa katika kituo cha huko. Maarifa ya namna hii hayamo katika kitabu chochote cha tiba. Hata hivyo, ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atakaripiwa au atapewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja.

3.3 Mgonjwa anaposema "chira"

Jamii ya Wajaluo, na Wasuba wa Rusinga na Mfangano ambao wengi wao sasa huzungumza Kijaluo, ina dhana ya chira: ugonjwa wa kudhoofika unaoaminika kutokana na kuvunja miiko. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, dalili zake zilisomwa na watu wengi kwa jicho la dhana hiyo. Mgonjwa akitamka neno chira mbele ya tabibu, hatoi tu maelezo ya mwili; anaeleza pia hofu, aibu na uhusiano wake na watu wa boma lake. Tabibu mwenye busara hachukui neno hilo kuwa jina la ugonjwa, na pia halipuuzi. Huliulizia. Zana isiyo na nafasi ya kuandika neno hilo humlazimisha tabibu achague kati ya kulifuta na kulitafsiri vibaya.

4. Majaribio ya Afrika Mashariki

Si kwamba zana hizi hazifai. Ushahidi wa Afrika Mashariki unaonyesha zinafaa pale zinapowekwa mahali pake. Magharibi mwa Kenya, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani, unaojulikana kama AMPATH, ni miongoni mwa waasisi wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu muhtasari uliochapwa kwenye karatasi na kuwekwa katika faili ya mgonjwa, ukiwa na ukumbusho kwamba kipimo cha CD4 kimechelewa. Katika kliniki iliyopata ukumbusho, vipimo vilivyochelewa viliagizwa kwa asilimia 53; katika kliniki ya kulinganishia, kwa asilimia 38. Mwaka 2013, utafiti mwingine wa kundi hilo kuhusu watoto ulionyesha kwamba kazi zilizochelewa zilitekelezwa kwa asilimia 68 palipokuwa na ukumbusho, na asilimia 18 pasipokuwa nao.

Huko Siaya, ng'ambo ya ghuba kutoka Rusinga, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha kliniki 13 zilizokuwa na kumbukumbu za tarakilishi. Baadhi yake ziliongezewa tahadhari ya kuonyesha kwamba matibabu ya mgonjwa wa VVU yanaelekea kushindwa. Kliniki zilizopata tahadhari zilichukua hatua zifaazo zaidi kuliko zile zilizokuwa na kumbukumbu tupu. Fundisho ni kwamba kuhifadhi habari na kumkumbusha mtu ni kazi mbili tofauti.

Nchini Tanzania, zana iitwayo ePOCT+ ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro kati ya mwisho wa mwaka 2021 na mwaka 2022. Ilimwongoza tabibu hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto mgonjwa. Viuavijasumu viliandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto katika vituo vilivyoitumia, na asilimia 70.1 katika vituo vya kawaida, bila watoto kuonekana kupona vibaya zaidi.

Jaribio la karibuni zaidi ni la Nairobi. Mwaka 2025, kampuni ya kliniki ya Penda Health pamoja na OpenAI walitoa matokeo ya zana iitwayo AI Consult, inayotumia akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili unde. Ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15 zilichunguzwa. Matabibu waliokuwa na zana walifanya makosa ya utambuzi wa ugonjwa yaliyo pungufu kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu yaliyo pungufu kwa asilimia 13. Hata hivyo, tofauti ya hali za wagonjwa wenyewe baadaye haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu.

Kinachofundisha zaidi katika jaribio la Nairobi ni umbo la zana. Toleo la kwanza lilimtaka tabibu asimame na kuliuliza. Toleo lililojaribiwa lilikaa kimya nyuma ya kazi yake, likitoa rangi tu: kijani pasipo na tatizo, njano panapohitaji kutazamwa, na nyekundu panapoonekana hatari. Nyekundu ilimlazimu tabibu asome, lakini kalamu ilibaki mkononi mwake. Tena, manufaa yalionekana baada ya wasimamizi kukaa na matabibu, kuwafunza na kusikiliza malalamiko yao. Ni rangi zile zile, kwa kiasi fulani, za vijitabu vya miaka ya 1990. Lililobadilika ni nani anaanza kusema, na lini.

5. Lugha ya Ushauri

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Hebu zitazamwe sentensi nne ambazo zana ingeweza kumwonyesha tabibu wa Rusinga anayemhudumia mtoto mwenye joto:

(a) Mpe dawa ya malaria.
(b) Mtoto ana malaria.
(c) Apewe dawa ya malaria.
(d) Kipimo kimeonyesha malaria, na viganja vimeandikwa kuwa vyeupe. Je, wingi wa damu umepimwa?

Sentensi (a) iko katika hali ya kuamuru. Inamweka tabibu katika nafasi ya mtumwa wa kauli. Akitii na mambo yakaharibika, atasema aliamriwa. Akikaidi na mambo yakaharibika, ataambiwa alikaidi. Kwa vyovyote vile amri imeuhamisha uamuzi bila kuihamisha dhamana.

Sentensi (b) ina hatari iliyojificha zaidi. Haiamuru lolote, inaeleza. Lakini inaligeuza kadirio kuwa ukweli. Kilichopo ni jibu la kipimo chenye mipaka yake, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya 3.1. Kwa kutumia "ana", programu imejipa cheo cha mtambuzi.

Sentensi (c) inaonekana kuwa ya adabu kwa sababu ya hali tegemezi. Kiswahili hutumia hali hii kuombea na kushauri, nayo hupunguza makali ya amri. Lakini hapa imeungana na kauli ya kutendwa, na mtenda ametoweka. Apewe na nani? Nani kasema apewe? Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali katika uandishi wa kitaaluma, lakini katika kumbukumbu za mgonjwa ni mahali pa kujifichia. "Dawa ilibadilishwa" si sawa na "tabibu alibadilisha dawa kwa sababu mtoto alitapika". Sentensi ya pili ina mtu na ina sababu, na bila viwili hivyo hakuna uwajibikaji.

Sentensi (d) inataja ilichokiona, haitaji isichokijua, na inamalizia kwa swali. Swali hilo si la mtihani. Ni swali ambalo mwenzake tabibu angeliuliza akiwa mlangoni. Kuuliza si ujinga, na katika zana ya aina hii kuuliza ndiyo njia ya kumheshimu anayeulizwa. Tabibu anaweza kujibu kwamba amepima, au kwamba mashine ya kupimia imeharibika na anamtuma mtoto Mbita. Majibu yote mawili yanabaki kuwa yake.

Viambishi vya masharti navyo vina uzito. "Damu ikipimwa, itajulikana kama anahitaji rufaa" inafungua njia. "Damu ingepimwa, ingejulikana" inalaumu jambo ambalo huenda bado lina nafasi ya kutendeka. Vivyo hivyo maneno ya kiwango cha uhakika: huenda, yamkini, inaelekea, hapana shaka. MYCIN ilitumia tarakimu kueleza kiasi cha uhakika wake. Zana ya Kiswahili ingehitaji maneno, na hayatafaa kabla ya kuchunguzwa jinsi wasemaji wa Mombasa, Kisumu, Bukavu na Mbeya wanavyoyapanga kwa nguvu. Huo ni utafiti wa isimu, na hakuna mhandisi atakayeufanya kwa niaba ya wanaisimu.

Ni kweli kwamba kumbukumbu nyingi za hospitali nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Lakini maongezi na mgonjwa hayafanyiki kwa Kiingereza. Kisiwani Rusinga tabibu anaweza kuuliza kwa Kijaluo, akamweleza mgeni kwa Kiswahili, na kuandika kwa Kiingereza, yote katika muda wa dakika chache. Zana inayosoma maandishi peke yake husoma tafsiri ya tafsiri. Tabibu ndiye pekee aliyeusikia mwanzo wa maneno.

6. Dhamana ya Nani?

Fasihi ya Kiswahili imewahi kulitazama tatizo la ushauri unaomshinda mshauri. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), maji yaliyokusudiwa kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani yanaishia kuaminiwa kuwa kinga kamili dhidi ya risasi, na aliyeyatoa hana tena uwezo wa kuizuia imani hiyo. Zana ya tarakilishi haina dhamiri ya Kinjeketile na haiwezi kujishuku. Ikianza kuaminiwa kupita kiasi, wa kuishuku ni tabibu peke yake, na atalifanya hilo ikiwa tu ujuzi wake bado uko hai.

Hapa pana hatari mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya tabibu anayekubali kila pendekezo kwa sababu amechoka na foleni ni ndefu. Ya pili ni ya tabibu aliyepigiwa kengele nyingi zisizo na maana hadi akaacha kuzisikia, hata ile moja ya kweli. Hatari zote mbili hutokana na ubunifu kabla ya kutokana na tabia. Zana inayopiga kengele kwa kila jambo imekwisha kumfundisha mtumiaji kuipuuza.

Kisheria, mizani haijalingana. Nchini Kenya, maafisa wa kliniki husajiliwa na kupewa leseni chini ya sheria ya mwaka 2017, na madaktari wana baraza lao. Leseni hiyo ina jina la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutotegemezewa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 nayo imeweka msingi wa mifumo ya habari za afya. Hata hivyo, programu haiwezi kuitwa mbele ya baraza la wataalamu ikajieleza. Kwa hiyo anayeitunga, anayeinunua na anayeiweka katika zahanati wanapaswa kujiuliza mapema: je, tumempa tabibu uwezo wa kukataa unaolingana na lawama atakayobeba akikubali?

7. Misingi ya Ubunifu

Kutokana na mjadala huu, misingi ifuatayo inajitokeza.

Kwanza, tabibu aanze, zana ifuate. Tabibu aandike dhana yake kabla ya kuona pendekezo. Kwa njia hiyo fikra zake hazilali, na tofauti kati yake na zana inakuwa somo.

Pili, zana ieleze sababu. Pendekezo lisilo na sababu ni amri hata likiandikwa kwa upole.

Tatu, kukataa kuwe rahisi na kuwe na nafasi ya maelezo. Maelezo kama "mgonjwa yuko ufuoni hadi mbalamwezi" yasiishie katika faili. Yamrudie mbunifu, maana ndiyo yanayoonyesha programu isichokijua. Kukataa kusihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu.

Nne, kengele ziwe chache. Kinachoweza kusubiri kisubiri.

Tano, zana itangaze mipaka yake: imefunzwa kwa wagonjwa wa wapi, wa miaka gani, na ilipimwa lini kwa mara ya mwisho katika eneo husika. Kiwango cha malaria kikibadilika, zana ipimwe upya.

Sita, lugha yake itungwe na watu wanaoijua lugha, pamoja na matabibu watakaoitumia. Tafsiri ya mwisho wa kazi haitoshi.

Saba, kazi iendelee umeme unapokatika. Tabibu ambaye hawezi kutibu bila zana amekwisha kunyang'anywa kitu, hata kama takwimu za mwaka huo ni nzuri.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba zana za kusaidia uamuzi zimeleta manufaa yanayopimika Eldoret, Siaya, Nairobi na Tanzania, na kwamba manufaa hayo yalitokana na zana zilizokumbusha, zilizoongoza na zilizotahadharisha huku uamuzi ukibaki kwa tabibu. Mfano wa Rusinga umebainisha aina ya maarifa ambayo tabibu anayo na programu haina: mabadiliko ya ugonjwa wa mahali, kalenda ya ziwa, na maana ya maneno ya mgonjwa. Aidha, imeonekana kwamba heshima kwa ujuzi na dhamana ya tabibu hujengwa au kubomolewa katika sentensi, kwa uteuzi wa hali, kauli na viambishi.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimefanya kazi kubwa ya kubuni istilahi za sayansi. Istilahi ni majina. Sasa inahitajika hatua ya pili, nayo ni kuchunguza sarufi ya mashine zinazosema na watu wenye maisha ya wenzao mikononi. Wanafunzi wa isimu wanaweza kuanza kwa kukaa katika kituo kimoja cha afya, kwa idhini ya wahusika, na kuandika jinsi matabibu wanavyoshauriana wao kwa wao: wanavyouliza, wanavyosita, wanavyopinga kwa adabu. Katika mashauriano hayo mna mfano wa lugha ambayo zana inapaswa kujifunza. Usukani uendelee kushikwa na mmoja. Aliyekaa omoni ataje mwamba anaouona, aseme jinsi alivyouona, kisha amwachie nahodha chombo.